Wati Arobaini na Tano

Saa saba za usiku, Hull, chumba cha juu ya kinyozi,
kompyuta yaniambia: zimebaki saa kumi na tisa.
Saa kumi na tisa kwa dakika arobaini za harusi ya Mize!
Hata mshale unatembea
kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe.

Nikafungua vipimo.
Prosesa niliyouziwa kwa sifa ya kupiga bilioni nne kwa sekunde
inapiga milioni mia nne, haipandi, haishuki,
kama mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono.
Nikadhani homa. Nikamgusa mgongo: baridi.
Nyuzi thelathini na sita. Feni imelala.
Ingekuwa joto ningeelewa, aliyechoka hupumzishwa.
Huyu hajachoka. Huyu kazuiwa.

Kesho yake akaja Makame, katoka zamu ya vifurushi,
bisibisi kwapani, manyunyu mabegani.
Tukamfungua. Tukatoa vumbi la miaka mitatu
na unywele mrefu usio wangu
(hakuuliza, nami sikueleza),
tukampaka dawa mpya ya kupoza, punje ya mchele, si zaidi.
Tukafunga. Skrubu moja ikabaki, siku zote moja hubaki.
Milioni mia nne.

Tukafuta programu. Tukasogeza alama hadi "nguvu zote".
Makame akatukana, kisha akamwomba radhi mama yake aliye Wete.
Milioni mia nne.

Ndipo mita ya ukutani ikalia:
pauni moja na peni thelathini.
Makame akainama kuchomoa chochote kisicho cha lazima,
akaikuta chaja, akaigeuza,
akaisoma tumbo kwa tochi ya simu.
"Hii umeipata wapi?"
Sokoni, kwa Trevor, pauni nane. Aliniambia zote ni sawa.
"Wati arobaini na tano. Huyu anataka mia na thelathini."

Akanionyesha ncha yake. Katikati ya tundu
pana sindano, nyembamba kuliko ya kutungia ushanga.
Haibebi umeme. Kazi yake kusema tu:
mimi ni fulani, nina kiasi hiki.
Yangu ilikuwa imepinda.
Mashine huuliza, u nani? Husubiri.
Isipojibiwa hujifunga koki yenyewe,
hunywa tone, isije ikazimika katikati ya kazi.
Maji ya kifuu. Lakini huyu si chungu.

"Kwa hiyo hakuna aliyemkataza?"
"Hakuna. Kajikataza."
Nikaukumbuka mkutano wa Jumanne kazini,
nilivyolijua jibu.
Nikaenda kuchemsha chai, nikakumbuka mita, nikaacha.

Chini, Rebwar alikuwa bado anafagia nywele.
Ana droo ya vitu vilivyosahauliwa na wateja:
miwani, jino la dhahabu, na chaja nzito kama tofali.
Mia na thelathini. "Chukua," akasema, "mwenyewe alihamia Leeds."

Tukachomeka.
Feni ikaamka kwa ghadhabu, karatasi zikaruka mezani.
Bilioni tatu nukta tisa.
Saa kumi na tisa zikawa dakika hamsini na mbili,
na Mize, mkubwa, bila kukwama, akainua ushungi wake.
Makame akapiga makofi peke yake.

Mita ikalia tena.
Nikavaa koti juu ya kanga, nikanyakua ufunguo wa umeme,
nikashuka ngazi mbilimbili.
Duka la Beverley Road hufunga saa tano.