Udhu wa Nusu

Tuanze na ndoo, Mola, maana ndiyo ninayoijua.
Ya lita ishirini, samawati iliyopauka,
na ubavuni Bakiri ameandika kwa rangi ya mlango
MALI YA MAMA USIGUSE,
neno la mwisho limeporomoka kuelekea kitako
kwa sababu nafasi ilimwishia.
Nafasi ilimwishia mapema, Bakiri.

Huku Newala juu maji hayana haraka.
Bomba hutoka Jumanne, likipenda.
Likinuna, Ijumaa ya pili.
Foleni tunawaachia ndoo:
watu tuna misiba, tuna mikorosho ya kupulizia,
ndoo haina la kufanya.

Arobaini yake ilisomwa na ubwabwa haukutosha.
Chama kilisema malipo ya pili yako njiani.
Njia gani hiyo, nikauliza, yenye masika mwaka mzima?
Karani Likapa akafunga daftari, akalifungua tena,
akasema, "Mama, hata mimi sijalipwa."
Nikarudi nyumbani, nikamkuta Somoe
amerudisha jembe langu bila mpini
na anaomba chumvi.
Nilicheka siku ile. Nilicheka mpaka nikaogopa.

Mkeka niliukunja, nikauweka darini na viatu vyake.
Sikukutukana.
Nilinyamaza tu, kama unavyompita njiani
mtu unayemdai.
Adhana ilivuka bati langu ikienda kwa wengine.

Sasa hili la ndoo.
Msiba ulinikuta nimeiacha bombani,
ya thelathini na kitu, nyuma ya dumu la shule.
Siku zote zile za ndani sikuifuata.
Nikajua imeibwa. Nikaona sawa, na iende nayo.

Alfajiri moja nafungua mlango nimfukuze mbuzi,
naikuta kizingitini, imejaa pomoni,
jani la mkorosho linaelea juu
maji yasiruke njiani:
ujuzi wa mtu aliyeibeba kichwani toka mbali.

Somoe akaapa si yeye. Watoto wa chuoni wakakimbia.
Muuza vitumbua aliniambia moja tu,
kwamba ndoo ile ilikuwa ikisogea.
Kila bomba lilipotoka, ilisogea.
Watu wana kiu, midomo imewakauka,
wanaisukuma kwa mguu, hatua, hatua,
na hakuna aliyeiruka.
Foleni ile ile, Mola,
ambayo mwaka jana watu waling'oana meno.

Sijui kama mguu ule ulikuwa wako.
Sitasema zaidi ya nilichoambiwa.

Nilichota kata moja nikawaza chai.
Viganja vikatangulia vyenyewe.
Nikasukutua. Pua. Uso.
Mkono wa kulia hadi kiwikoni,
na hapo nikayakumbuka maji mengine,
yaliyotiririka chini ya kitanda cha kamba, nyuma ya nyumba,
wanaume wamesimama mlangoni nisipite.
Nikaishia pale.
Nikakaa na mkono umelowa mpaka jua likaukausha.
Udhu wa nusu hauswaliwi, najua,
nilisoma hadi Juzuu Amma.
Maji yaliyobaki nilichemshia kunde.

Kesho yake nilifika kichwani.
Siku iliyofuata sikugusa kitu, nilikuwa na hasira na mbuzi.

Leo bomba limetoka.
Malipo bado. Chumvi yangu iko kwa Somoe.
Mbele ya ndoo yangu kuna dumu la njano
lisilo na mwenyewe. Wanasema ni la mzee Chitope,
amelazwa Ndanda, kifua.
Mstari umesogea.
Nimeangalia huku na huku,
kisha nimelisukuma kwa mguu, hatua moja,
mguu huu huu
ambao maji bado hayajaufikia.