Mabaki

Duka la Bi Salha, Majengo, lina dirisha la nondo
na daftari jeusi lililofungwa kwa lastiki ya soksi.
Miaka kumi na tisa ya sukari robo, unga nusu,
mafuta ya kupima, na majina yasiyo majina:
Kijana wa Gereji. Mama Mapacha wa Nyuma.
Yule Mrefu. Mrefu Mwingine.

Nilimwomba aniazime. Nikasema ni kwa utafiti.
Akasema, tafiti, ila usinipotezee ukurasa.

Usiku saba niliyaingiza madeni kwenye kompyuta,
kila deni na mstari wake: kiasi, tarehe,
siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi,
je, ulikuwa mfungo, je, meli zilishusha mizigo wiki ile
(maana meli zikikawia Kilindini
hata muuza mahamri hukopa unga).
Nikatunga mlingano. Nikaufunza nusu ya daftari,
nusu ya pili nikaificha, kama mtihani.

Ukafaulu.
Katika kila watu kumi ukawajua wanane:
nani atalipa, nani ataanza kupitia uchochoro wa nyuma.
Sikulala. Nilihisi mtaa mzima umevuliwa mabati
na mimi niko juu, nawaona watu
wakienda huku na huku, wakidhani wameamua.

Asubuhi nikampelekea.
"Chasema n'ni hicho chombo chako?"
Nikamsomea. Akawa anafunga bizari kwenye vikaratasi.
"Hayo nayajua. Akopaye akatazama mizani, hulipa.
Akopaye akanitazama machoni, akaniapia na mamake,
huyo nishamsamehe kabla sijampimia."
Hujawahi kukosea?
"Mara mbili. Wote wawili walinioa."

Katika fani yangu, pengo kati ya ulichokisia
na kilichotokea huitwa mabaki.
Huyachora kama nzi juu ya karatasi, ukageuza ukurasa.
Kwetu, mabaki ya usiku ni kiporo,
ndicho kinachokutoa nje asubuhi.
Basi nikarudi kwa wale wawili katika kumi.

Mama Mapacha: mlingano ulimpa nukta moja tatu.
Alifungiwa chumba, akahamia Miritini bila kuaga.
Miezi kumi na minne baadaye aliteremka na sarafu ndani ya soksi ya mtoto,
akalipa yote, akataka jina lake likatwe
kwa kalamu nyekundu, si nyeusi.
Sikuwa nimeweka safu ya rangi ya wino.

Mwalimu Ngumbao: nukta tisa nane.
Mshahara kila mwezi, nyumba ya mawe, pikipiki.
Mkate mmoja. Mwaka wa sita huu,
na kila akipita hutoa salamu ya kusikika mpaka Mwembe Tayari.

Nikamuuliza Bi Salha sababu.
"Sababu ya n'ni? Ya mkate?"

Kisha, karibu na jalada, ukurasa ulioliwa na mende,
nikasoma: *Mjukuu wa Riziki, wa miwani.
Daftari la mraba 1. Kalamu 2.*
Mstari wa kukata haupo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Katika miraba ile ndimo nilimochora mkunjo wangu wa kwanza,
ule unaopanda, unachoka, unalala.
Niliutafuta mstari wangu kwenye kompyuta. Nukta tisa nne.
Hakika atalipa, kulingana na mimi.

Nikatoa noti ya mia, nikaipitisha kwenye nondo.
Nikasema, wallahi nilisahau, Bi Salha, naapa.
Akaiacha noti pale ilipo, juu ya mchele.

"Wanitazama machoni," akasema,
na akamgeukia mtoto aliyekuwa nyuma yangu,
kopo mkononi, shingo upande,
akiihesabu mizani.

Alinipa chenji baadaye. Nadhani.
Au nilikwenda bila kuingoja; sikuandika.