Nafasi ya Pili

Murhula ameshika kalamu iliyotafunwa kwenye mfuniko,
ananiuliza taratibu, kama muuguzi anayeuliza homa ilianza lini:
"Na diski?"

Kioo tumemaliza. Kadi ya picha tumemaliza,
na hapo ndipo zilipozama dola zangu nyingi.
Kuhusu feni tulibishana, maana chumba changu cha Kadutu
ni bati bila dari, na saa saba mchana
hata sabuni hulainika.
Sasa amefika kwenye diski na ameshusha sauti.

Mashine ina matundu mawili, anasema.
Naweza kuweka chipu ya giga mia tano, nyepesi kama biskuti,
au terabaiti nzima ya chipu, lakini basi nisahau mkoba na kipanya,
au chipu ndogo ya kuwashia, na pembeni yake
terabaiti mbili za sahani inayozunguka, bei ya chee.

Sahani naijua.
Ya zamani ilikuwa ikikuna usiku kama panya kwenye gunia la mahindi.
Jioni moja umeme ulikatika mara tatu,
mara ya nne ikaanza kugonga, tk, tk, tk,
mgeni anayebisha kwenye nyumba iliyohamwa.
Mle ndani mlikuwa na misimu kumi na mmoja,
timu niliyoipandisha kutoka daraja la nne,
na mshambuliaji niliyempa jina la marehemu mjomba Balagizi
kwa sababu wote wawili hawakuwahi kutoa pasi.

"Chipu haigongi," anasema Murhula.
"Ikifa, inakufa kimya."
Huyu hajui kuuza.

Mama, niliyemweleza jana huku akichagua maharagwe,
hakuinua macho: "Una kopo la jikoni na gunia chini ya kitanda.
Kopo ni la leo. Nani anapikia guniani?"
Kisha akauliza mashine yote ni bei gani,
nami nikasikia mtu akiniita nje.

Wanaopanga bei hizi wanadhani ukijaza utafuta,
na kesho ukitamani utapakua tena.
Kwa mega zipi?
Mchezo wa giga mia na ishirini ungekula mshahara wangu
na kuacha mifupa, halafu mtandao uzimike kwenye tisini na sita.
Wangu ulikuja kwa miguu.
Nabintu aliutoa Kigali kwenye diski ya nje, ndani ya soksi,
akavuka daraja la Ruzizi, soksi ikiwa chini ya nyanya,
na mpaka leo, nikifungua lile faili, nasikia harufu ya nyanya.
Kwetu kufuta ni kuzika.

Kwa hiyo sitaki kasi tu. Nataka mahali.
Na mahali pasipogonga usiku.

Nje mvua imeanza, matope yanashuka Nyawera
na pikipiki zinapanda zikilia.
Mimi kazi yangu ni kuuza saruji na nondo.
Najua mtu akija na hela ya ghorofa moja
hatuambii tumjengee nusu ya ghorofa mbili.
Anajenga moja, vizuri,
na juu ya ukuta anaacha nondo zimesimama, zinaota kutu,
majirani wanacheka, watoto wanaanika soksi juu yake,
na miaka sita baadaye unaona mafundi wanapanda.

"Terabaiti moja ya chipu," namwambia.
"Mkoba sitaki. Nitaibeba kwenye kitenge."
"Na tundu la pili?"
"Liache wazi."

Anaandika. Anakata mkoba, anakata kipanya.
Halafu kutoka kwenye kopo la maziwa anatoa skrubu,
ndogo kuliko punje ya mtama,
anaibandika kwa selotepu kwenye risiti yangu.
"Hii usipoteze," anasema. "Hizi ndizo hazipatikani."

Nimeshuka mlima mzima
nikiwa nimefunga ngumi.