Deraya ya Bwana Wimondi

Mimi niliyesugua
deraya, kutu kutoa,
siki, mchanga natia,
nabingirisha pipani,

leo namtaja bwana
Wimondi, mwenye hazina:
farasi mmoja, tena
chongo, na shamba bondeni.

Kule kwetu kwa baridi,
Uingereza, ahadi
ni nira isiyorudi
ikishapanda shingoni.

Waraka ukishafika
na lakiri kubanduka,
bakuli chini huweka
na kuinuka mezani.

Hawisa akimwambia,
“Shayiri itapotea,”
hujibu, “Nimeapia
kwa mikono mikononi.”

Tulilala kwenye tope,
theluji juu, nyeupe;
kama chawa, kama kupe,
tumeng’ang’ana ngomeni.

Vidole viwili vyake
vikafa; kwa kisu chake
kavikata peke yake,
akavitupa motoni.

Mfalme akapita,
kwa Wimondi akasita,
“Bwana Odo!” akaita,
akimgusa begani.

Odo tulishamzika,
mwaka ulishatimika.
Bwana wangu hakucheka.
“Labeka,” kajibu chini.

Nikasugua kwa chuki,
pete kwa pete, kwa siki.
“Jina,” kanena, “si haki
ya kudai kiaponi.”

Si upanga, si mshale:
kikohozi cha milele
kilimla polepole
kwa mkewe, kitandani.

Kaburi halijaota
nyasi, tarishi kagota,
mvuani akitota,
na waraka mkobani.

Lakiri akabandua
kasisi, katusomea:
jina wamelipatia,
Wimondi, safi, winoni.

Deraya naisugua.
Nani atakayevaa
sijui. Kutu yajua
njia ya kurudi ndani.