Na Jivu, Je?

Baba, mstari niliousaka miezi kumi na minne
niliupata Jumanne.
Si mrefu. Ulienea nyuma ya risiti ya mkate,
na ndiko nilikouandika, baiskeli nimeiegemeza ukutani,
ukungu wa Baltiki umeniziba miwani.

Nikueleze kwa lugha ya jikoni.
Ndani ya ile pete ya chuma tunawasha kitu
kinachoushinda moyo wa jua kwa joto,
na hakuna chungu. Chungu gani kingestahimili?
Tumeusukia moto kizimba cha sumaku,
nyuzi zimepindwa, zikapindwa tena, kama ukili usio na mwisho,
ila moto haufungwi kwa nyuzi peke yake.
Unatetemeka. Una viwimbi vya upana wa ukucha
vinavyopokezana joto mkono kwa mkono, kimya,
kama watu wanaoiba ghala zima kwa kopo.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni:
asubuhi Jannik ananionyesha vigae vilivyoungua.

Wenzangu wanajenga. Mimi sijashika spana.
Kazi yangu ni penseli, na kompyuta iliyo mji mwingine
ikokotoayo usiku kucha
kisha ikanijibu kwa namba moja.
Mwaka niliozaliwa walisema: bado miaka thelathini.
Nina thelathini na saba.
Wewe hujanicheka hata siku moja,
wewe uliyefanya kazi Lubmin, ukumbi wa mvuke,
hadi walipozima mitambo wakakupa saa ya ukutani.
Nyinyi mlipasua viini.
Mimi naviomba viungane.

Basi mstari wangu ulisema hivi:
viwimbi vikizidi huzaa mkondo,
na mkondo huvimeza vilivyouzaa.
Ipinde sumaku kidogo tu, hapa, kwa pembe hii,
na msukosuko utajila wenyewe.
Joto litabaki. Litabaki, Baba!

Jumapili nikakuletea risiti yangu.
Ulikuwa umepiga magoti kwenye kibanda cha bustani,
mbele ya lile jiko la makaa unalokataa kuling'oa,
ukichomoa trei yake.
Uliisoma polepole, kidole chini ya kila alama,
kama mtu asiyejua herufi lakini anaijua harufu.
Kisha ukauliza, bila kuinua kichwa:
"Wiebke, na jivu, je?"

Moto huzaa jivu.
Hata wetu.
Viini vikiungana huacha heliamu,
na heliamu ikikosa pa kutokea
huusonga moto ulioizaa.
Nilikuwa nimeziba kila ufa.
Nilikuwa nimejenga nyumba ya joto isiyo na dohani,
nikaisifu.

Nilikukasirikia hadi kituo cha basi.
Usiku nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza,
kwenye kijineno nilichokifuta mwezi wa pili
kwa kuwa hakikuwa na uzito.
Nikakirudisha mahali pake.
Mlinganyo ukanenepa, ukapoteza sura,
hauenei tena kwenye risiti yoyote.
Sasa natafuta utulivu wenye kasoro:
kiasi gani cha fujo tukiache
ili jivu litoke na joto lisilifuate.

Sijui bado.
Huenda jibu ni "haiwezekani kwa pembe hii,"
na hilo nalo ni jibu, ingawa halisherehekewi kwa keki.
Foleni ya kompyuta ni ndefu, zamu yangu ni Alhamisi.
Jannik anabandua vigae, anapuliza vidole vyake.
Theluji imeanza Greifswald, nyepesi, haishiki ardhi.

Nitakuja Jumapili na karatasi nyingine.
Jivu usilimwage kabla sijafika.
Nataka kuona linavyotoka.