Zamu ya Maji

Walimpima chumba cha nyuma, hospitalini Mendoza,
Agosti, siku ambayo upepo wa Zonda ulikoroma mlimani
na kila aliyeingia alikuwa na vumbi kwenye nyusi.
Msichana wa koti jeupe, Yamila kwenye beji,
akampaka Baba jeli baridi panjani:
hapa mfupa ni mwembamba, alisema, sauti hupenya.

Tukaisikia.
Fwoo. Fwoo. Fwoo.
Damu ya Baba ikipanda kichwani.

Dakika kumi nyuma alikuwa amepewa maneno matano,
limau, ngazi, kiatu, kengele, buluu,
akarudisha moja, ngazi, kwa kusitasita,
kama arudishaye chombo cha jirani kikiwa na ufa.
Sasa akafumbua macho, akainua kidole:
"Hilo lango halikufunguliwa lote.
Kuna mtu huko juu anatuibia maji."

Yamila akacheka, kisha akaacha kucheka,
akanigeuzia kioo cha mashine.
"Hayuko mbali na ukweli. Mishipa imekakamaa.
Kinachofika ni kidogo, na kinafika kwa kishindo."

Miaka thelathini na minane Nicanor Videla aligawa maji
kwenye mfereji wa Los Membrillos.
Kwetu mvua ni hadithi. Mizabibu hunywa theluji
iliyoyeyuka mlimani, shamba kwa shamba, kwa zamu,
na funguo za malango alikuwa nazo yeye.
Jumatatu saa tatu asubuhi, Ochoa, muda wa saa mbili.
Kisha mjane Pescara, dakika hamsini.
Kisha akina Haddad.
Hakuandika. Daftari limo humu, alisema akijigonga panja,
palepale Yamila alipoweka kifaa chake.
Alipigwa koleo mara mbili kwa kutetea dakika za watu,
mara moja na ndugu yake wa tumbo moja.

Dawa aliyopewa haikuwa na chupa. Kutembea:
dakika arobaini, siku tano kwa juma,
upesi kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.
Basi tukatembea ukingoni mwa mfereji, chini ya milubna,
mimi na magoti yangu ya karani wa benki,
yeye mbele, akinikemea: Delfina, unaburuta miguu.

Delfina alikuwa mama. Ana miaka sita kaburini.
Mwanzoni nilimsahihisha,
na kumsahihisha kulikuwa kumzika mama kila asubuhi
mbele ya mfiwa yuleyule, msiba mpya.
Nikaacha. Nikawa Delfina mpaka darajani,
Zulema wakati wa kurudi.

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Hawakusema lolote kuhusu kibaba kinachovuja.

Agosti ikarudi. Jeli, panja, fwoo.
Yamila alipima mara tatu asije akajidanganya.
Mtiririko umeongezeka, akasema, kidogo,
akataja asilimia nikaisahau palepale, mimi nisiye mgonjwa.
Maneno matano: Baba akarudisha mawili.
"Mawili si moja!" nikasema, sauti imepanda kama niko mnadani.
Yamila hakuahidi kitu. Alimfuta jeli
taratibu, mpaka nyuma ya sikio.

Njiani akasimama kwenye lango la Ochoa.
Ochoa hayupo, shamba limekuwa nyumba zenye mabwawa ya kuogelea,
chuma kimeliwa na kutu.
Akapiga magoti, akatia mkono majini, midomo ikihesabu.
"Saa ngapi?"
Saa tano na dakika tano.
"Basi huyu zamu yake imekwisha. Anafuata nani?"

Aliniuliza kweli, si kunijaribu.

Mjane Pescara, nikasema. Dakika hamsini.
Utotoni niliyasikia majina hayo ukutani, usiku wa Jumapili,
akiyapitia kama rozari.
Akanitazama kama mwajiri atazamavyo kibarua mpya.
"Andika," akasema. "Mimi daftari sina."

Mkobani nilikuwa na risiti ya maegesho
na penseli ya macho.
Nikaandika.