Kona ya Mipeasi

Kwenye karatasi mhandisi aliinyoosha kwa rula.
Odilon akakataa: mipeasi yangu haikatwi.
Basi lami ikapinda, ikamzunguka mbishi,
ikashuka bondeni kwa pupa, ikapanda msitu wa Ardenne
ambako huku jua, kule mvua,
na tairi haijui isadiki lipi.

Leo Godelieve, kitukuu chake, ndiye mshika bendera ya njano.
Magari yanakuja na mlio wa shuka linalochanwa,
yanafika kwenye ukaidi wa marehemu,
yanashika breki, yakinuka mpira unaoungua,
yanapita.

Madereva huilaani kona hii kwa lugha saba.
Yeye hupangusa peasi kwenye koti la mvua,
anauma.

Bado ina ugwadu kidogo.